Kukaza bolti za breki ipasavyo: mwongozo kamili kwa anayebadilisha pedi na diski mwenyewe

Siku ya tatu baada ya kubadilisha diski na pedi za mbele za gari langu, nilianza kusikia mgongano. Nikirudi nyuma na kukanyaga breki, ko. Nikienda mbele na kukanyaga tena, ko. Mara moja tu kila nilipobadili mwelekeo, kisha kimya. Nikapiga jeki, nikatoa gurudumu, nikaishika kwa mkono breketi ya kalipa, yaani chuma kinachoshikilia kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Ilicheza. Bolti ya juu niliizungusha kwa vidole viwili. Ya chini ndiyo iliyokuwa imebeba breki yote ya upande ule.

Na bolti ile nilikuwa nimeikaza. Nakumbuka kabisa nilivyoivuta hadi mkono ukagoma. Nilipoichomoa ndipo nikaelewa. Nyuzi zake zilikuwa zimejaa gundi kavu ya zamani, ile inayotiwa ili bolti isilegee, iliyochanganyika na kutu. Ugumu niliousikia mkononi ulikuwa wa uchafu kusagana na chuma, huku kichwa cha bolti kikiwa hakijaibana breketi sawasawa. Tangu siku hiyo sikazi bolti ya breki kwa kukisia. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayoyafuata kila ninapogusa breki, ya gari langu au ya mtu mwingine.

Bolti inashika kwa kuvutika

Wengi huiona bolti kama msumari: imepita kwenye tundu, basi imezuia. Bolti ya breki haifanyi kazi hivyo. Ichukulie kama springi ngumu sana. Unapoikaza, mwili wake unarefuka kidogo mno, na kwa kuwa unataka kurudi ulivyokuwa, unavibana vyuma viwili vilivyo katikati. Mbano huo ndio unaoleta msuguano kati ya vyuma hivyo, na msuguano huo ndio unaoizuia breketi isisogee unapokanyaga breki.

Mbano ukiwa mdogo, vyuma vinaanza kusogezana. Bolti inapindwa huku na huku kila ukifunga breki, inazidi kulegea, na mwisho inatoka au inakatika kwa uchovu. Mbano ukizidi, bolti inavutika kupita mahali pa kurudi. Inabaki ndefu, nyembamba kidogo, na haiwezi tena kubana kama inavyotakiwa hata ukiikaza vipi.

Tatizo ni kwamba mbano wenyewe huwezi kuupima kwa spana. Unachopima ni torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ambayo huandikwa kwa Newton-mita (Nm). Na nguvu nyingi ya kuzungusha hupotea njiani. Katika kila sehemu 100 unazotia, karibu 50 huliwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti, karibu 40 huliwa na nyuzi, na kama 10 tu ndizo zinazobaki kuivuta bolti.

Zitazame vizuri hesabu hizo. Kutu ikiongeza msuguano wa nyuzi kutoka 40 hadi 45, zinazobaki kuvuta ni 5. Umepoteza nusu ya mbano, na spana imesoma kipimo kilekile. Mafuta nayo hufanya kinyume chake: yanapunguza msuguano, na bolti inavutwa kuliko ilivyopangiwa, huku spana ikionyesha namba sahihi. Kwa hiyo kipimo cha kitabu kina maana pale tu bolti iko katika hali aliyoikusudia mtengenezaji, na mara nyingi hali hiyo ni safi na kavu. Brashi ya waya ina uzito sawa na spana katika kazi hii.

Kila bolti na kipimo chake

Kwenye kona moja ya gari, ndani ya nafasi isiyozidi viganja viwili, kuna bolti zinazotofautiana mahitaji mara tatu au nne. Hapo ndipo anayekaza zote kwa mkono mmoja na bidii moja huharibu.

Bolti za pini za kalipa, zile zinazofunga vijiti laini ambavyo kalipa huteleza juu yake, ni ndogo. Ndizo unazofungua ili kuinua kalipa na kutoa pedi. Kwa magari mengi madogo hukazwa kati ya Nm 25 na 40. Hizi huharibika zaidi kwa kukazwa kupita kiasi kuliko kwa kulegea, kwa sababu mtu anasema "hii ni breki, acha niitie nguvu", anashika mpini mrefu, na bolti inakatikia ndani ya pini.

Bolti za breketi ni nene zaidi. Zinaifunga breketi kwenye chuma kikuu kinachobeba habu (kitovu kinachozunguka pamoja na gurudumu), na nguvu yote ya kusimamisha gurudumu hupitia kwao. Magari mengi madogo hutaka kati ya Nm 80 na 130, na magari makubwa huzidi hapo. Usipobadilisha diski, mara nyingi huna sababu ya kuzigusa.

Bolti ya hosi ya mafuta ya breki, ile yenye tundu katikati na washa mbili za shaba, kwa kawaida iko kati ya Nm 20 na 40. Nipo ya kutolea upepo, skrubu ndogo ya kutolea hewa iliyonaswa kwenye mafuta ya breki, ni nyepesi kuliko zote, mara nyingi Nm 8 hadi 15, nayo ina tundu ndani kwa hiyo hukatika upesi. Skrubu ndogo inayoshika diski kwenye habu kazi yake ni kuzuia diski isianguke kabla gurudumu halijafungwa, basi. Usihangaike kuitia nguvu.

Nati za gurudumu kwa magari madogo huwa kati ya Nm 90 na 140. Toyota nyingi ndogo zimeandikiwa Nm 103, Honda nyingi Nm 108, na Volkswagen Golf nyingi Nm 120.

Namba hizi nimezitoa ili uone picha, na pia ili ukisoma mahali "Nm 110 kwa bolti ya pini" ushtuke. Kipimo cha gari lako kitoe kwenye kitabu cha ufundi cha modeli na mwaka wako. Gari lenye jina moja linaweza kuwa na breki tofauti kulingana na injini au toleo, na breki tofauti huja na bolti tofauti.

Angalia pia kizio. Vitabu vya Kijapani mara nyingi huandika Nm, kisha kgf·cm, kisha futi-pauni, vyote mstari mmoja. Nm 34, kgf·cm 350 na futi-pauni 25 ni kitu kimoja. Ukiwa na kgf·cm, gawanya kwa 10.2 upate Nm. Ukiwa na futi-pauni, zidisha kwa 1.36. Mtu akisoma 80 ya futi-pauni akaitega kama Nm 80, amekaza pungufu kwa zaidi ya robo.

Baadhi ya bolti, hasa za breketi kwenye magari ya Ulaya, huandikiwa kipimo na pembe: kwa mfano kaza hadi Nm kadhaa, kisha zungusha nyuzi 90 zaidi, yaani robo ya mzunguko. Bolti za namna hiyo zimekusudiwa kuvutika sana na kwa kawaida hazirudiwi. Nunua mpya kabla hujaanza kazi.

Spana ya torki na matunzo yake

Spana ya torki ya kawaida ni ile unayoitega namba kwa kuzungusha mpini, ikifika inagonga "tak" na kulegea kidogo mkononi. Spana kubwa inayofika Nm 200 haifai kwa nipo ya Nm 10, kwani chini kabisa ya kipimo chake haiaminiki. Mimi natumia mbili: ndogo kwa pini na hosi, kubwa kwa breketi na gurudumu. Ukiwa na uwezo wa moja tu, chukua kubwa ya breketi na gurudumu, kisha pini uzipime kwa njia ya mizani nitakayoieleza mbele.

Spana hii haifungui bolti. Iweke kwa kukazia tu, na bolti zilizoganda zifungue kwa mpini mrefu wa kawaida. Shika katikati ya mpini, pale palipotengenezewa mkono, kwa maana kuishika karibu na kichwa au kuongezea bomba hubadilisha inachosoma. Ekstensheni iliyonyooka kati ya spana na soketi haina neno. Kiungo kinachopinda kona ndicho kinachopotosha. Kazi ikiisha, irudishe kwenye namba ya chini kabisa iliyoandikwa ili springi ya ndani isikae imebanwa, lakini usipitilize chini ya hapo. Kiwango cha kimataifa cha spana hizi, ISO 6789, kinaruhusu kukosea kwa asilimia 4 tu kwa zile za juu ya Nm 10, na kinataka zipimwe upya baada ya miezi 12 au mikazo 5,000 mtengenezaji asipotaja muda mwingine. Ikikuangukia sakafuni, ipeleke ikapimwe kabla ya kuiamini tena.

Vingine: jeki, stendi mbili, kabari za magurudumu, soketi za pembe sita (za pembe kumi na mbili hula vichwa vya bolti zenye kutu), spana nyembamba ya kuzuia pini, brashi ya waya, spreyi ya kusafishia breki, grisi ya breki isiyodhuru mpira, waya wa kutundikia kalipa, na rangi au kalamu ya alama.

Hatua ya 1: Gari likiwa bado chini

Tafuta sakafu ngumu iliyo sawa. Weka gia, vuta hendibreki kama unafanya breki za mbele, tia kabari kwenye magurudumu yatakayobaki chini. Legeza nati za gurudumu nusu mzunguko tu kabla ya kuinua. Kisha inua kwa jeki, weka stendi mahali kitabu kinapoonyesha, shusha gari likae juu ya stendi, ulisukume kwa bega. Likitikisika, rudia. Usiingize kiwiliwili chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Hatua ya 2: Kufungua

Bolti za breketi huingilia kwa ndani, na ukiwa umejikunja chini ya gari mwelekeo huchanganya. Wengi wamekaza wakidhani wanalegeza, wakaongeza bomba, wakaikata bolti. Jifanye umekitazama kichwa cha bolti uso kwa uso, halafu zungusha kinyume cha saa. Ikiwa imeganda, tia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, igonge kichwa kwa nyundo mara chache, kisha vuta polepole kwa mpini mrefu.

Bolti ya pini ikizunguka pamoja na pini yake, zuia pini kwa spana nyembamba kwenye bapa zake. Usipoizuia unaupinda mpira unaoikinga na vumbi, na mpira ukichanika pini itaganda baada ya muda.

Kalipa ikitoka, itundike kwa waya. Isining'inie kwa hosi yake. Na panga bolti kwa namna utakayokumbuka ya juu ni ipi na ya chini ni ipi, kwa kuwa kwenye magari kadhaa pini mbili hazifanani, moja ina kipande cha mpira. Mimi huchora kalipa kwenye boksi la kadibodi na kuichomeka kila bolti mahali pake.

Vumbi la breki usilipulize kwa upepo wala mdomo. Lilowanishe kwa spreyi, lifute. Pistoni, ile inayosukuma pedi kutoka ndani ya kalipa, irudishe taratibu, huku ukiangalia kopo la mafuta ya breki lisifurike. Kama gari lina hendibreki ya umeme nyuma, iweke kwanza katika hali ya matengenezo kama kitabu kinavyoelekeza. Ukiirudisha pistoni kwa nguvu utavunja mota.

Hatua ya 3: Kusafisha, ambako kazi inaamuliwa

Hapa tumia muda bila kujionea huruma. Chukua bolti moja moja, ipige brashi ya waya hadi uone chuma kwenye kila bonde la nyuzi. Gundi ya zamani huonekana kama ukoko wa rangi ya buluu, kijani au nyekundu, na hutoka kwa brashi na subira. Sehemu ya chini ya kichwa, ile inayogusa breketi, isafishe pia. Kumbuka hapo ndipo nusu ya nguvu yako inapoliwa.

Tundu nalo lina nyuzi zake. Ninayoitumia mimi ni bolti kuukuu ya aina ileile iliyokatwa mfereji kwa msumeno wa chuma kwa urefu wa nyuzi. Unaizungusha kwa vidole kuingia na kutoka, na uchafu unakusanyika ndani ya mfereji. Ni salama kuliko kutumia chombo cha kukatia nyuzi, ambacho huondoa na chuma kizuri, hasa pale chuma kinachobeba habu kikiwa cha alumini. Baada ya hapo pulizia spreyi na uhakikishe tundu limekauka. Kimiminika kikibaki chini ya tundu lisilotoboka upande wa pili, bolti itakigandamiza, utasikia imekaza, kumbe imekalia maji.

Sehemu zinazogusana, breketi na chuma kinachoipokea, diski na habu, zote zipigwe brashi. Punje ya kutu yenye unene wa karatasi kati ya diski na habu huifanya diski iyumbe, na mguu wako utausikia mtetemo huo kwenye pedali. Kwenye mbano, punje hiyo hufanya kitu kingine: hukaza leo, kesho inasagika, nafasi inabaki, bolti inalegea yenyewe. Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Yafute yote kwa spreyi pande mbili.

Grisi ina mahali pake. Pakaa kidogo kwenye mwili laini wa pini unaoteleza, na nukta ndogo pale masikio ya pedi yanapokaa. Kwenye nyuzi za bolti za breki na nati za gurudumu usiweke, labda kitabu cha gari lako kiseme wazi. Gundi ya nyuzi weka kama kitabu kinataka, au kama bolti ilikuwa nayo na inaruhusiwa kurudiwa. Tone moja la nguvu ya kati linatosha, na lisifike kwenye pini. Bolti mpya zikija na ukanda wa gundi kavu tayari, usiongeze nyingine wala usizisafishe.

Tazama kichwa cha bolti. 8.8 au 10.9 iliyochorwa pale si namba ya kiwanda. Namba iliyo kabla ya nukta ukiizidisha kwa 100 inakupa nguvu ya kuvutwa kwa megapaskali, na iliyo baada ya nukta inaonyesha ni sehemu ngapi za kumi za nguvu hiyo zinaweza kufikiwa kabla bolti haijavutika moja kwa moja. Ya 8.8 huanza kuharibika kwenye 640, ya 10.9 kwenye 900. Kuweka 8.8 mahali pa 10.9 kwa sababu imeingia vizuri ni hatari ambayo haionekani kwa macho.

Hatua ya 4: Vidole kwanza

Kila bolti iingie kwa vidole mizunguko minne au mitano kabla spana haijaigusa. Ianze kwa kuizungusha kinyume cha saa huku ukiisukuma kidogo. Utasikia inadondoka, "tik", uzi wa bolti unapoangukia mwanzo wa uzi wa tundu. Hapo geuza, ingiza. Ikikaza mapema, toa, uangalie. Bolti iliyoingia upande itaingia kwa spana pia, huku ikikata nyuzi njia nzima.

Ingiza zote mbili kwa vidole kabla ya kukaza yoyote. Ukikaza ya juu kwanza hadi mwisho, ya chini haitaliona tundu lake.

Hatua ya 5: Kukaza

Zisogeze bolti zote mbili za breketi kwa racheti ya kawaida hadi vichwa vikae. Sukuma breketi kwa mkono uone imekalia pande zote bila mwanya. Tega spana ya torki kwenye nusu ya kipimo, kaza ya juu, kaza ya chini. Kisha tega kipimo kamili, kaza ya juu, ya chini, halafu rudi tena kwenye ya juu.

Namna ya kuvuta ina maana. Spana ikae wima na kichwa cha bolti, mkono mmoja ukishikilia kichwa cha spana kisiyumbe, wa pili ukivuta kwa mwendo mmoja wa pole. Kuvuta kwa kushtuka hupitisha kipimo. Ikigonga, acha. Mazoea ya kugonga mara ya pili na ya tatu "kwa uhakika" huongeza kidogo kila mara. Na ukivuta ikagonga papo hapo bila bolti kusogea hata nywele, usiridhike. Ilegeze nusu mzunguko uikaze upya, maana bolti iliyosimama hudai nguvu zaidi kuanza kuzunguka kuliko kuendelea.

Sikiliza mkono wako hata ukiwa na spana nzuri. Bolti yenye afya huongeza ugumu sawasawa hadi spana igonge. Ikianza kuzunguka bila ugumu kuongezeka, kama unakanda unga, simama hapohapo. Inavutika au nyuzi zinakufa. Itoe.

Pini hukazwa mwisho, kwa spana ndogo, huku umezizuia kwa spana nyembamba. Baada ya kuzikaza, sukuma kalipa mbele na nyuma kwa mikono. Inatakiwa iteleze.

Ikiwa ulifungua hosi, washa za shaba ziwe mpya. Zilizotumika zimeshabanwa na kuwa ngumu, na mtu huikaza bolti kupita kiasi akijaribu kuziba uvujaji ambao washa mpya ingeuzuia bila taabu.

Mwisho piga mstari wa rangi unaotoka kichwa cha bolti hadi kwenye chuma cha pembeni. Utauhitaji.

Hatua ya 6: Gurudumu

Nati zianze kwa vidole, na upande wa mviringo au wa pia uelekee rimu. Gari likiwa hewani, zibane kidogo kwa kupishana: zikiwa nne, kwa msalaba, zikiwa tano, kwa nyota, ukiruka moja kila mara. Shusha gari tairi liguse chini, kaza nusu ya kipimo kwa mpangilio huohuo, kisha kipimo kamili, kisha zunguka mara moja zaidi kuhakiki. Ukizikaza kwa kufuatana duara, rimu huivuta diski upande mmoja, na diski iliyovutwa hutetemesha pedali baada ya kilomita chache, mtu akadhani kauziwa diski mbovu. Mashine ya upepo ifungue. Kukaza kufanywe kwa mkono.

Ukiwa huna spana ya torki

Torki ni nguvu mara urefu wa mpini, basi. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo kwa kuvuta, na mpini ambao urefu wake umeupima kutoka katikati ya soketi hadi mahali utakapofunga kamba ya mizani. Kilo unazotakiwa kuvuta ni Nm gawanya kwa 9.81, kisha gawanya kwa urefu kwa mita.

Kwa bolti ya pini ya Nm 34 na mpini wa sentimita 25, unavuta kilo 14 hivi. Kwa breketi ya Nm 107 na mpini wa nusu mita, karibu kilo 22. Kwa nati ya Nm 103 na mpini wa sentimita 40, kilo 26. Kamba iwe pembe mraba na mpini hadi mwisho wa kuvuta, kwa sababu ikilala nguvu inapungua, na uvute polepole ukitazama namba. Nimeilinganisha njia hii na spana yangu mara nyingi, na ukitulia inakaribia vizuri. Kwa bolti zenye pembe ya ziada, chora alama kwenye soketi upime robo ya mzunguko kwa macho.

Kukaza kwa kukisia mkono peke yake sikushauri kwenye breketi. Hata mkono wa miaka mingi hudanganywa na kutu.

Mambo yakiharibika

Bolti ikikatika, usiendelee na upande huo kwa kutegemea iliyobaki. Kipande kikitokeza, kishike kwa koleo la kujifunga baada ya kukipasha moto kidogo, lakini uhakikishe kwanza hakuna spreyi wala mafuta ya breki karibu. Kikikatikia ndani, kutoboa katikati sawasawa kunataka mkono wenye uzoefu. Hapo mpelekee fundi mwenye vifaa, na gari lisiendeshwe kwenda huko. Nyuzi za tundu zikifa, kuna koili za chuma za kurudishia nyuzi, nazo hufanya kazi vizuri kwenye sehemu nyingi za gari. Lakini kwenye tundu la breketi mimi ningebadilisha chuma chote, kwa uzito wa kile kinachotegemea tundu lile.

Kabla ya kuondoka na baada yake

Pistoni ulizirudisha nyuma, kwa hiyo mkanyago wa kwanza pedali itazama hadi chini. Ipige mara kadhaa gari likiwa limesimama hadi iwe ngumu na ibaki juu, kisha angalia kiwango cha mafuta ya breki. Ikibaki laini, kuna upepo, na gari halitoki. Anza kwa mwendo mdogo mahali pasipo na watu, funga breki taratibu mara kadhaa ukisikiliza mgongano wowote.

Baada ya kilomita 50 hadi 100, rimu zikiwa zimepoa, pitia nati za gurudumu tena kwa kipimo kilekile. Bolti za breketi zenye gundi usizizungushe kuhakiki, kwa kuwa utaivunja gundi iliyokwisha kukauka. Ndiyo sababu ya ule mstari wa rangi. Chungulia kwa tochi: mstari ukiwa umenyooka kutoka bolti hadi chuma, hakuna kilichosogea. Ukiwa umekatika, hata kwa upana wa nyuzi ya nguo, usiikaze tu na kwenda zako. Itoe bolti ile, isafishe, safisha tundu na sehemu zinazogusana, na uanze nayo upya kutoka hatua ya 3.